Ushahidi wa Mtani

Jengo ambalo Mfuko wa mikopo uliligeuza kuwa tawi lake la Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, lilikuwa zamani duka la vyuma, na Wahida alikuwa amewahi kutumwa humo kununua misumari. Hilo hakumwambia mtu. Siku ya kwanza ya mafunzo ya kazi mlinzi alimfungulia mlango wa kioo akamkaribisha mjini kwa Kireno, naye akashukuru kwa Kireno, kama mtu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa mtaa wa nyuma ya jengo hilo, bila paa.

Wanagenzi walikuwa watatu na nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Ricardo na Telma walitoka Maputo, nao walizungumza juu ya hatari na faida kwa wepesi wa watu waliozisikia mezani kwao tangu utotoni. Wahida alisoma uchumi Nampula, alikokimbilia na mama yake mji uliposhambuliwa. Alama zake zilikuwa za juu kuliko za Ricardo, jambo ambalo wote wawili walilijua na ambalo halikumsaidia yeyote kati yao. Vyeti vilisema anastahili kuwepo. Mwili wake haukuwa umevisoma vyeti hivyo: mikutanoni haukujua mikono iwekwe wapi, na wenzake wakicheka, yeye alichelewa kidogo kucheka, kisha akachelewa kidogo kunyamaza.

Kosa lake la mapema lilikuwa kueleza. Mjane mmoja aliyeomba mkopo hakufika ofisini alipoitwa, na Wahida akasimama mbele ya wenzake akaeleza eda ni nini, inadumu muda gani, na kwa nini mwanamke aliyefiwa na mume hawezi kutoka ovyo kwenda kutia sahihi. Alieleza vizuri mno. Alipoketi, Ricardo alisema, "Tumepata profesa wa mila," na Telma, ambaye hakuwa na ubaya, akacheka.

Doutora Olinda, mkuu wa tawi, hakucheka. "Wahida," alisema, "mjane tutamfuata nyumbani. Lakini wewe umekuja hapa kama mtu wa fedha. Mtu wa mila tutamkodi tukimhitaji."

Lilikuwa karipio jepesi, la aina ambayo anayelitoa hulisahau kabla ya chakula cha mchana. Wahida alikwenda nalo nyumbani akalala nalo. Tangu siku hiyo aliamua kuwa kama ule mlango wa kioo: maneno ya watu wa mji yapite kwake kwenda upande wa pili, yeye asionekane.

Mfuko ulikuwa na utaratibu wake. Kwa kuwa vita viliteketeza hati za nyumba na viwanja, na dhamana ya kawaida haikupatikana, kila mwombaji alipimwa kwa shahidi wa tabia. Shahidi huyo hakuchaguliwa na mwombaji. Mfuko wenyewe ulimteua, na kwa kawaida alikuwa jirani wa biashara, aliyeulizwa bila kuonywa mapema. Walioubuni utaratibu huo waliamini kwamba mtu asiyejiandaa husema kweli. Imani hiyo ina wafuasi wengi, hasa miongoni mwa watu wasiowahi kuulizwa chochote bila kuonywa.

Mwombaji wa wiki ile alikuwa Abdurremane, mvuvi wa zamani aliyekuwa na mtambo wa barafu bandarini kabla haujachomwa moto. Alitaka kununua mwingine, ili samaki wasiendelee kuuzwa kwa bei ya kutupa kila jua lilipopanda. Kwa sasa aliuza ngisi wakavu sokoni, na jirani yake wa meza alikuwa Catarina, mwanamke wa Kimakonde kutoka Mueda, muuza muhogo na kunde. Mfuko ulimteua Catarina. Ricardo alikuwa na kalamu, Telma alikuwa na maswali, na Wahida alikuwa na lugha.

"Huyu?" Catarina alisema, akimwashiria Abdurremane kwa kidevu. Abdurremane alikuwa akisikia kila neno, na ilikusudiwa asikie. "Mmetoka kote huko kuja kuniuliza habari za huyu? Mpeni fedha, mpeni. Kesho mtamkuta Zanzibar anaoa."

"Nitaoa mwanamke anayeoga," Abdurremane alijibu bila kugeuza shingo. "Ninyi watu wa Mueda mnangoja mvua."

"Na ninyi mlango ukigongwa mnaingia baharini. Mwandike, mwanangu, asikutishe: huyu ni mwizi. Nilimpa sanda ya mama yangu anitunzie, akaigeuza tanga la mashua. Mama wa watu yuko kaburini hana nguo, mla papa huyu anatweka."

"Tanga lenyewe lilikuwa fupi. Mama yako alikuwa mfupi kama wewe."

Soko lilicheka. Muuza tangawizi wa meza ya tatu aliweka mizani chini ili acheke kwa nafasi. Ricardo alimgeukia Wahida. "Amesema nini?"

Wahida alijua alichosikia. Babu wa Catarina na babu wa Abdurremane walikuwa watani, na utani huo ulirithiwa katika nyumba hizo mbili kama watu wengine wanavyorithi minazi. Alijua pia kanuni yake, ambayo hakuna mtoto wa mji ule aliyehitaji kufundishwa: anayekutukana usoni mbele ya watu, tena kwa sauti, amekudhamini. Wa kuogopwa ni jirani anayeulizwa habari zako akajibu kwa adabu. Sentensi moja ingetosha kuyaeleza hayo yote. Ingeanza na maneno "hapa kwetu kuna mila," na tayari aliuona uso wa Ricardo ukijipanga kuipokea.

"Amesema ni mwizi," Wahida alifasiri. "Kwamba alikabidhiwa mali ya marehemu akaitumia katika biashara yake. Kwamba akipewa mkopo, atakimbilia Zanzibar."

Ricardo aliandika.

"Mbona wanacheka?" Telma aliuliza, akitazama huku na huku.

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, na ilitolewa bure. "Labda wamezoea," Wahida alisema.

Katika mkutano wa Jumatatu Doutora Olinda alisifu ripoti ile. Alisema mwenyeji wa mahali huelemea kuwatetea watu wake, na kwamba amefurahi kuona Wahida ameweza kusimama kando. Ricardo alitazama meza. Kwa mara ya kwanza tangu afike, Wahida aliijua mikono yake iwekwe wapi: aliikunja mbele yake, ikatulia. Kamati ya mikopo ilikataa ombi la Abdurremane mchana huohuo.

Alijiambia yale ambayo watu hujiambia. Kamati ingeweza kukataa kwa sababu nyingine. Mitambo ya barafu huharibika. Tafsiri yake haikuwa na kosa, na yeyote angeweza kuipima neno kwa neno. Hoja ya mwisho ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, na ndiyo iliyomnyima raha, kwa kuwa alikuwa na elimu ya kutosha kutambua mtu anayejitetea kwa usahihi.

Utaratibu ulitaka mwombaji aelezwe sababu ya kukataliwa, na aelezwe katika lugha anayoielewa. Kazi hiyo ilimwangukia Wahida. Abdurremane alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na viatu vya kufunika, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukizoea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Wa Cadija, aliyekuwa akishona pale karibu na msikiti."

"Cadija. Alinishonea kofia ya harusi. Haya, nipe habari."

"Ombi halikupita, mjomba. Shahidi wa tabia alisema…" Alishusha macho kwenye karatasi, ingawa hakuhitaji kusoma. "Alisema wewe ni mwizi. Kwamba ulichukua mali ya marehemu."

Abdurremane alicheka. Alicheka kwa furaha halisi, akapiga goti lake. "Mmakonde yule. Ataniua siku moja. Haya, sasa tuseme ya kweli. Kasoro ni nini? Kiwanja?"

"Ni hilo, mjomba."

"Hilo lipi?"

"Hilo la shahidi."

Kicheko hakikukatika ghafla. Kilipungua taratibu usoni mwake, kama maji yanayotoka mtumbwini. Alimtazama Wahida kwa muda, bila hasira. Hasira ingekuwa msaada.

"Wewe si mtoto wa Cadija?"

"Ndiye mimi."

"Umekulia hapa."

"Ndiyo."

"Basi hukujua kwamba ule ni utani?"

Chumba cha pili Ricardo alikuwa akizungumza kwa simu juu ya soka. Wahida alisema kwamba ombi linaweza kuletwa tena ikiwa shahidi yuleyule atatoa maelezo mapya. Hilo lilikuwa kweli na halikuwa jibu. Abdurremane alisimama, akamshukuru kwa adabu kamili, akatoka. Adabu ile Wahida aliitambua mara moja.

Kesho yake alikwenda kwa Catarina. Alichukua njia ndefu inayopita bandarini, akijipangia maneno, na alipofika hakutumia hata moja kati ya hayo.

"Mama Catarina, yale uliyosema sokoni yaliandikwa kama ukweli. Mjomba Abdurremane amenyimwa mkopo."

Catarina aliacha kumenya muhogo. "Nani aliyeandika?"

"Mfuko."

"Mfuko hauna masikio. Nani aliyesikia?"

Catarina alimenya muhogo mmoja mpaka mwisho, akaukata, akauweka kwenye ndoo, kisha akasema, "Sasa mnataka nini?"

"Uje ofisini. Useme habari zake kama zilivyo. Mbele ya mkuu wetu."

"Nimsifu."

"Ndiyo, mama."

"Mtani wangu. Yu hai, anapumua, mimi nikae kwenye kiti nimsifu." Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu ladha ya dawa. "Mwanangu, unajua mtani husifiwa lini?"

Wahida alijua. Siku ya maziko, baada ya vichekesho vyote vya watani kwisha, mtani mkubwa husimama karibu na kaburi lililofukiwa na kwa mara ya kwanza husema la moyoni. Ndivyo watu wanavyojua kwamba mtu amekufa kwelikweli.

"Hakuna njia nyingine?" Catarina aliuliza.

Njia nyingine ilikuwepo. Ilikuwa fupi, haikuhitaji shahidi, na ilianzia ofisini kwa Doutora Olinda kwa neno "nilijua." Wahida aliitazama njia hiyo kwa muda aliohitaji ili kuona inaishia wapi: kwenye basi la Nampula, kwa mama yake ambaye alikuwa ameshawaambia majirani kwamba kazi imepatikana.

"Hakuna," alisema.

Catarina alikuja amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya cha kapulana kiunoni. Abdurremane alikuwa ameitwa pia, akaambiwa asubiri kwenye benchi la ukumbini, na kwa kuwa kipoozahewa kilikuwa kimeharibika, mlango wa chumba cha mikutano uliachwa wazi. Hakuna aliyepanga asikie. Hakuna pia aliyekumbuka kumzuia.

Doutora Olinda aliuliza swali lake, Wahida akalifasiri. Catarina aliweka mikono mapajani.

"Abdurremane ni mtu mwema," alianza, na sauti yake haikuwa ile ya sokoni. "Siku ya mashambulizi mimi nilikuwa na mama yangu, mzee, haoni vizuri. Watu walikuwa wanakimbilia ufukweni. Mashua ya Abdurremane ilikuwa imejaa ndugu zake. Alishuka, akambeba mama yangu mgongoni, akampakia. Mizigo yake aliiacha. Tulikwenda kisiwa cha Vamizi. Mama alikufa kule, siku ya pili, kwa uchovu. Hatukuwa na nguo ya kumzikia. Nguo zote zilikuwa zimevaliwa. Abdurremane alikata tanga la mashua yake, akanipa. Mama yangu amezikwa kwa tanga. Yeye ni Mwislamu, sisi Wakristo, na kaburi alichimba yeye. Bila tanga hakuweza kurudi na mashua ile, na wala hakuwahi kuniambia kwamba ananidai. Nikimtukana kuhusu sanda, ni kwa sababu nikilisema hivi ninavyolisema sasa, siwezi kumaliza."

Alimaliza. Wahida alifasiri sentensi moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemwita profesa. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya kiatu kikisogea sakafuni.

Ricardo alikuwa wa kwanza kusema. Alisema, kwa heshima, kwamba kuna tatizo la shahidi aliyetoa maelezo mawili yanayopingana juu ya mtu yuleyule, na kwamba huenda wawili hao wamekubaliana mkopo ugawanywe.

"Ni hoja halali," Doutora Olinda alisema. Alimgeukia Wahida. "Mara moja kati ya hizi mbili mama huyu alisema uongo. Wewe ulikuwepo mara zote. Ni lini?"

Catarina hakujua Kireno. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mikono ikiwa bado mapajani, akingoja kuambiwa kama imetosha.

"Au pengine," Doutora Olinda aliongeza, na ilikuwa dhahiri kwamba alikusudia wema, "hukumwelewa vizuri pale sokoni. Nimeambiwa Kiswahili cha watu wa bara si cha pwani. Hilo lingeeleweka, na tungeliandika hivyo."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, mpana, na upande wake wa pili kulikuwa na nafasi ya kudumu. Gharama yake ilikuwa ndogo: kwamba mwanamke yule, baada ya kuvaa gauni la kanisani na kuyasema aliyoyasema, aandikwe kuwa mtu asiyejua kuzungumza.

"Nilimwelewa," Wahida alisema. "Hakusema uongo hata mara moja. Ule wa sokoni ulikuwa utani wa nyumba zao mbili. Ndiyo maana watu walicheka. Kila aliyekuwa pale alijua."

"Na wewe?"

"Nami nilijua."

"Ulipokuwa ukifasiri."

"Ndiyo, Doutora. Na Telma aliponiuliza."

Telma alitazama dirishani. Doutora Olinda alifunga kalamu yake. "Kama ungekuwa hukujua, ningekufundisha," alisema. "Ulijua ukachagua. Sina somo la hilo." Kisha akamwomba Wahida amshukuru shahidi kwa niaba ya Mfuko, na Wahida akamshukuru.

Kamati ilipitisha mkopo wa Abdurremane. Nafasi ya kudumu ilipewa Telma, ambaye aliistahili kama mtu yeyote anavyostahili kitu kinachompata. Wahida aliruhusiwa kumaliza muda wake katika chumba cha nyuma, akilinganisha hesabu za matawi mengine, na hakutumwa tena mahali penye watu. Alipata alichokuwa amekitamani wiki za kwanza: hakuna aliyemtazama.

Alitarajia kwamba kusema kweli kungempunguzia kitu. Vitabu vingi vinaahidi hivyo. Alingoja siku kadhaa, kwa uangalifu wa mtu anayesoma kipimajoto, na hakuona badiliko lolote ambalo angeweza kuliandika.

Kabla ya kuondoka alipita sokoni. Mtambo mpya ulikuwa umefungwa bandarini na Abdurremane alikuwa ameleta sanduku la barafu kwenye meza yake, samaki wakiwa wamelazwa juu yake, wazima na wenye kung'aa. Catarina alikuwa pale pale jirani, na muhogo wake. Wahida alisimama kwa muuza tangawizi akajifanya anachagua.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Abdurremane alipanga samaki wake, akafuta mikono, akakohoa kidogo. Kisha, bila kugeuza shingo, kama alivyozoea, alisema, "Nasikia hata Mueda imenyesha. Naona mmeoga."

Muuza tangawizi aliinua macho. Meza ya pili watu walinyamaza, wakiweka tayari vicheko vyao. Wahida alijikuta ameshika kipande cha tangawizi kwa nguvu mno, akimwomba Catarina moyoni aseme neno moja chafu.

Catarina alipanga kunde zake mafungumafungu. "Imenyesha, bwana Abdurremane," alisema. "Tunamshukuru Mungu. Na nyumbani kwako hawajambo?"

Abdurremane aligeuza shingo, akamtazama.

"Hawajambo," alisema. "Ahsante, mama."